Mwenyekiti wa Wababua Vichwa

Jambo la kwanza Mwenyekiti aliloniambia ni kwamba mkojo wake hauendi mjini bila yeye. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kisanduku cha barafu mkononi, koti langu jeupe limeshaingia masizi kabla hata sijafungua mdomo, na nyuma yake wanawake kumi na mmoja wakingoja aseme. Nikamweleza kwamba sampuli husafirishwa na mfanyakazi wa maabara peke yake, ndiyo kanuni. Akaniuliza kanuni hiyo imeandikwa na nani. Nikasema sijui. Akapangusa mikono kwenye leso, akakichukua kile kisanduku, akapanda gari la mradi na kukipakata mpaka kwenye maabara yetu ya Ngara, Nairobi, mimi nimenuna njia nzima. Maabarani alisimama mlangoni hadi alipoona chupa zote zimeingia kwenye friza. Kisha akasema, "Sawa. Sasa najua mnakaa wapi."

Alikuwa mwenyekiti wa wanawake wanaobabua vichwa katika kichinjio kimoja cha Dagoretti. Sikitaji jina, kwa sababu bado kina geti, geti lina mlinzi, na mlinzi ananijua. Jina lake yeye pia silitaji. Hata pale kazini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwenyekiti tu, na meneja mwenyewe alimwita hivyo, ingawa alilitamka kama mtu aliyeng'ata pilipili. Alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ana watoto wangapi, sikuuliza. Ninayoyajua ni ya pale penye moto.

Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, ni hivi. Mbuzi akishachinjwa, kichwa na miguu huenda kwa wanawake. Wanavitupa juu ya moto mpaka manyoya yaungue yote, wanavikwangua kwa kisu, wanaviosha, na kesho yake asubuhi wewe uko katikati ya jiji umekaa kwenye hoteli, unakunywa supu na kusema leo imeweza. Kuni zikiwa zimelowa, moto huwashwa kwa vipande vya matairi. Moshi wa tairi hauna adabu. Unaingia machoni, kooni, kwenye nywele, hadi kwenye mkate uliouacha ndani ya mkoba.

Mradi wetu ulitaka kujua ni kiasi gani cha moshi huo kinachoingia mwilini. Mashine za kupima hewa zipo, lakini hewa haisemi nani ameivuta. Mkojo unasema. Bosi wangu alikuwa ameandika maelezo ya kuwasomea wanawake, kurasa mbili nzima, na nilipofika ukurasa wa pili nusu yao walikuwa wamesharudi motoni. Mwenyekiti akawaita tena.

"Skizeni," akawaambia. "Moshi ukiingia, ini linaukatakata, halafu figo zinautupa nje. Hawa watu wa Ngara wanachungulia kwa mlango wa nyuma waone ni nini imetupwa. Na haikai. Siku moja, mbili, imeisha. Kwa hivyo mtu asiniletee mkojo ya juzi."

Tangu siku hiyo sikuzitoa tena zile kurasa za bosi.

Mpango ulikuwa rahisi. Chupa moja Jumatatu asubuhi kabla moto haujawashwa, wakiwa wametoka kupumzika, na nyingine Jumamosi jioni baada ya wiki nzima ya moshi. Tofauti ya chupa hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Lakini mzunguko wa kwanza uliharibika, na kilichouharibu ni heshima yao. Jumamosi jioni nilipoinua chupa ya kwanza kwenye mwanga nilidhani wamenichezea, wamejaza maji ya mfereji. Ya pili hivyo hivyo. Zote kumi na mbili zilikuwa nyeupe pe, na maabara ikazikataa kwa kuwa mkojo ulikuwa mwepesi mno, hauna cha kupima.

Nikarudi Dagoretti nimekasirika. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwani ulitaka tukupe ile ya rangi ya chai? Wewe ni mgeni. Na hiyo kitu inaenda kwa watu wa mjini, kuna wanaume huko, waseme akina mama wa hapa slota ni wachafu? Niliwaambia kila mtu anywe maji jagi mbili kuanzia saa sita. Na walikunywa."

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. "Unacheka nini? Kwenu mgeni anapewa kitu chafu?" Nikamwambia hapana, kwetu Machakos mgeni hata kikombe kinaoshwa mara mbili mbele yake. "Basi," akasema, na maneno yakaishia hapo. Nilipomweleza kwamba maji mengi huficha moshi, aligeuka papo hapo. Mzunguko wa pili alisimama kwenye mfereji tangu saa sita mchana kama askari, akiangalia vinywa vya watu. Aliruhusu chai kikombe kimoja, na kikombe akakichagua yeye.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, wa kuvaa gambuti za kijani na leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na sikumbuki kumwona ameketi saa za kazi. Akizungumza na mtu mkubwa alisogea karibu naye, si mbali, mpaka mkubwa huyo arudi hatua moja nyuma. Swali lake la kila siku lilikuwa lile alilonipiga nalo siku ya kwanza, imeandikwa na nani. Askari wa kaunti aliyekuja kuwaambia wahamishe kuni aliulizwa hivyo. Mzee wa kanisa aliyesema kiongozi wa akina mama hafai kunusa ugoro aliulizwa hivyo pia, na akaambiwa aende atafute mstari wenyewe, akiupata amletee. Sijui kama alitafuta. Ugoro uliendelea.

Alichukia kuonewa huruma kuliko alivyochukia moshi. Wakati fulani walikuja wageni na kamera na barakoa za karatasi, zile nyepesi ambazo moshi wa tairi unazipita bila hata kubisha hodi. Waliwagawia wanawake, wakawapanga mstari, wakawapiga picha. Mwenyekiti alikataa kuvaa. Aliipokea yake kwa mikono miwili, akashukuru kwa upole nisiouzoea, akaenda akachujia chai, na chai hiyo akawapa wageni. Walikunywa yote. Mimi nilikuwepo na nilimpenda tangu saa hiyo, ingawa sikumwambia.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Mwanamke huyo aliyepigana na moshi mchana kutwa alikuwa akirudi nyumbani kwake, chumba kimoja chenye dirisha la kufungua nusu, na kupikia makaa humo ndani mlango umefungwa. Nilimkuta hivyo mara moja nikampigia kelele. Mtungi wa gesi alikuwa nao, umefunikwa kitambaa cha kufuma, umewekewa picha ya arusi ya mtoto juu yake. "Maharagwe ya gesi hayana maana," akasema. "Hii ya hapa ni moshi yangu, nimejiwashia. Ile ya kule nimewashiwa." Nilimwambia mapafu hayajui tofauti. Akasema mapafu hayajui, lakini yeye anajua. Tulibishana mpaka maharagwe yakaiva, na nikayala, na yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Na alipenda masikio. Sikio la mbuzi likishababuliwa vizuri huwa lina mkwaruzo fulani mtamu, na wababua vichwa wote hukata kipande wakatafuna huku wakifanya kazi. Hilo ndilo lililotuletea vita.

Majibu ya mzunguko wa pili yalitoka juu sana. Jumatatu chini, Jumamosi juu, kwa wanawake wote. Bosi wangu akamwonyesha meneja wa kichinjio muhtasari, kama adabu tu, na meneja akacheka. Hawa akina mama, akasema, wanakula choma kutwa, masikio, mutura ya utumbo uliojazwa damu, vipande vya mbavu. Si ndiyo hiyo mnaiona kwenye mkojo? Ubaya ni kwamba alikuwa na hoja. Nyama iliyoungua huacha alama ile ile. Mtu akila choma leo, kesho mkojo wake unaweza kusema amekaa kwenye moshi. Nilienda kumweleza Mwenyekiti jambo hilo nikijua nitatukanwa.

Hakunitukana. Alinuna siku nzima, hakunisalimia. Siku ya pili akanipigia simu alfajiri. "Tunafunga," akasema. "Wiki moja. Hakuna choma, hakuna mutura, hakuna sikio. Ni chai, mkate, sukuma na maharagwe. Kuja Jumatatu na chupa zako."

Kufunga nyama ukiwa ofisini ni kitu kimoja. Kufunga nyama huku umeishika, imeiva, inanukia, na mkono wako wa miaka yote umezoea kukata kipande, ni kitu kingine. Siku ya pili mmoja wao alisahau. Sikio lilikuwa limeshaingia mdomoni alipomwona Mwenyekiti anamwangalia, akalitema mkononi, akabaki amelishika hajui alipeleke wapi. Hakuna aliyemcheka. Siku ya nne nilimkuta Mwenyekiti mwenyewe amesimama nyuma ya ukuta, mbali na moto, anapumua kwa mdomo. Nilimuuliza kama anaumwa. "Naumwa na hamu," akasema. "Toka hapa." Jumamosi jioni walinipa chupa kumi na mbili, rangi ya chai kweli kweli, na kila mmoja aliinua yake juu akinionyesha kabla ya kunikabidhi.

Nilizipima kwa mikono yangu. Zilikuwa juu. Zilishuka kidogo kuliko za mzunguko wa pili, kiasi cha kuonyesha kwamba choma ilikuwa na sehemu yake, halafu zikabaki huko huko juu. Nyama ilikuwa imeondolewa na moshi ulikuwa umebaki peke yake, umeshikwa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za maabara nikipiga mluzi wa furaha kama mwendawazimu.

Na hapa nifike kwenye aibu yangu, kwa sababu kama nataka kumwandika yeye lazima nijiandike na mimi. Bosi akasema majibu hayatoki. Kwanza yachapishwe. Majibu ya mtu mmoja mmoja yatawatia hofu, hawataelewa, na zaidi ya yote mkataba wa mradi haukusema watarudishiwa. Akaniambia nisionekane tena Dagoretti. Nilikuwa na mkataba wa mwaka, nyumba ya kupanga Ngara, na mama yangu kijijini aliyenitegemea. Nikatii. Nilitii karibu miaka miwili.

Yeye hakutii kitu. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alikuja mlangoni kwetu, amevua gambuti amevaa viatu vya kanisa, akasimama pale pale aliposimama siku ya chupa za kwanza. "Majibu imekuja?"

"Bado, Mama."

"Mkojo mlichukua kwa dakika tano. Majibu ni ya miaka ngapi?"

"Bado inafanyiwa kazi, Mama."

"Haya. Wacha ifanyiwe."

Hakuwahi kunipandishia sauti, na ningependa angepandisha. Angeniita mwongo ningejitetea, maana nilikuwa na majibu tayari, ya mkataba na ya bosi. Badala yake aliuliza, akasikia, akaenda zake, na mwezi ukiisha alikuwa amerudi. Wafanyakazi wenzangu walianza kumwita saa ya ukutani. Mimi kila Alhamisi nilianza kufanya mazoezi ya kusema bado.

Ijumaa moja hakuuliza. Akasema, "Msichana, iko ndani ya hiyo kompyuta. Najua. Mtu ambaye hana kitu hukuangalia macho, lakini wewe unaangalia viatu zangu tangu mwaka jana." Akanisogelea. "Mimi sikukupa mkojo ya serikali. Nilikupa yangu."

Nikaingia ndani, nikachapisha. Kwa kila mwanamke karatasi yake ndani ya bahasha iliyofungwa, na kwa wote karatasi moja ya pamoja yenye namba tu, moja hadi kumi na mbili, bila jina. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, ile hasira inayokuja imechelewa. Nilimpa. Akazihesabu bahasha, akazitia ndani ya kitambaa cha kichwa, akavaa tena kitambaa. Wiki iliyofuata bosi hakuongeza mkataba wangu. Nikapata kazi kwenye kizahanati cha mtaa wa pili, kupima malaria na mimba, na nikalala vizuri.

Ile karatasi ya pamoja alienda kuisoma mbele ya mkutano wa kichinjio. Yeye na wenzake walitaka vitu viwili tu: matairi yaondoke, na waletewe vichomeo vya gesi chini ya paa lenye bomba la moshi. Meneja aliichukua ile karatasi, akaiangalia sana, akasema atafuata njia za kisheria. Wanawake walipiga makofi. Miezi ikapita, moto ukaendelea kuwa ule ule.

Mara ya mwisho kukaa naye chumba kimoja ni mwaka huu, katikati ya jiji, ghorofa ya nne ya ofisi moja ya serikali inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi, mimi nimeitwa kama mtu wa maabara aliyechukua sampuli. Afisa alikuwa kijana wa heshima, ana faili na kalamu. Meneja alikuwa amevaa suti. Mwenyekiti alikuwa na viatu vya kanisa, amekaa wima, na wenzake kumi na mmoja walikuwa wameachwa kwenye korido. Niliwapita nikiingia. Walinisalimia kama mtu wa kwao.

Meneja ndiye aliyeanza, kwa sauti ya huruma. Alisema kampuni imesikitishwa na namba hizi. Alisema tisa kati ya hizi kumi na mbili zinatisha. Kwa hivyo, kwa ajili ya afya zao, kampuni inaomba wale tisa wapumzishwe kazi, na watakaobaki ndio watakaoletewa vichomeo vya gesi. Kilichokosekana ni majina tu. Karatasi ina namba, haina majina.

Mimi ndiye niliyeichapisha karatasi hiyo. Kupumzishwa ni neno zuri la kufukuzwa, kila mtu mle ndani alilijua, na wanawake tisa waliokaa nje kwenye benchi wangerudi nyumbani bila kazi kwa sababu walikubali kukojoa kwenye chupa zangu.

"Mama," afisa akasema, "wewe ndiye kiongozi. Tusaidie. Namba moja ni nani?"

"Namba moja ni mimi," akasema Mwenyekiti.

Afisa akaandika. "Namba mbili?"

"Mimi."

Kalamu ikasimama. "Namba mbili, Mama. Mtu wa pili."

"Hakuna mtu wa pili. Mbili ni yangu. Tatu ni yangu. Andika mpaka kumi na mbili, mkubwa, usichoke."

Meneja akacheka. "Mtu mmoja hawezi kujaza chupa kumi na mbili."

"Kwa huo moshi wenu nimekaa miaka ishirini na mbili," akasema, bila kugeuza shingo. "Nimejaza nyingi kuliko hizo."

Afisa akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi. Aliniuliza polepole, kama mtu anayenipa nafasi ya kufikiri. Mimi ndiye niliyezichukua, mimi ndiye niliyezipima. Je, chupa hizi zote ni za mtu mmoja?

Namba nne ni mwanamke anayesomesha watoto wawili sekondari. Namba tisa ndiye aliyelitema sikio. Nilizijua zote kumi na mbili kama ninavyowajua ndugu zangu. Na katika kazi yangu, kubandika jina la mtu kwenye mkojo wa mwingine ni kosa la kukunyang'anya leseni; nimewafundisha hivyo wanafunzi, nimewapigia kelele kwa hilo. Mwenyekiti hakunitazama. Hakunikonyeza, hakunisihi. Miaka miwili nilikuwa nimemwambia bado, na sasa aliniacha niseme ninavyotaka.

"Ni zake," nikasema. "Zote. Nilizichukua mwenyewe."

Afisa akanisogezea karatasi, nikatia sahihi. Sijutii. Wakitaka leseni waje, wanajua nilipo.

"Basi," meneja akasema, akafunga suti yake kifungo, "anayepumzishwa ni yeye peke yake. Kuanzia leo."

"Iandikwe," akasema Mwenyekiti. Akaangalia kalamu ya afisa mpaka alipomaliza mstari. Kisha akainuka, akasogea karibu na meneja, karibu mno, mpaka meneja akarudi hatua moja.

"Mwenye moshi mmeshampata na mmeshamtoa," akamwambia. "Waliobaki ni kumi na mmoja, wako hapo nje. Sasa gesi inakuja siku gani?"

Meneja akamtazama afisa. Afisa alikuwa amefungua ukurasa mpya, ameshika kalamu, naye anangoja kusikia siku.